Kimya cha Mwenye Tambuu

Sura niliyoipenda kuliko zote katika riwaya yangu ilikuwa ya ndoa ya bibi yangu. Alipokuwa msichana, hapa hapa Temeke, alimpenda fundi cherehani ambaye hakuwahi kumtazama ila siku ya kumpima mabega. Akaozwa kwa babu. Mjomba wake alipokuja mlangoni na mashahidi wawili kumuuliza kama ameridhia, alinyamaza, na kwetu kimya cha mwari ni ridhaa. Hapo nilimwaga wino: kurasa mbili nzima za machozi.

Jumamosi moja nilimsomea akipepeta mchele. Alicheka hadi ungo ukamponyoka.

"Machozi ya nani hayo?"

"Yako, bibi. Si ulinyamaza kwa uchungu?"

"Nilikuwa na tambuu mdomoni, mke mwenzangu! Kungwi wangu alinishindilia pande zima. Ningefungua mdomo, kanzu ya mjomba ingegeuka nyekundu. Namaliza kutema, watu wako kwenye pilau."

"Na ungejibu nini?"

Aliokota chuya moja, akaitupa. "Ningesema sitaki. Babu yako nilikuja kumpenda, tena sana, ila kwa kuchelewa, kama maji ya bomba. Lakini jibu langu nililitema na tambuu."

Alijua anachosema, maana wiki hiyo nami nilikuwa nimeletewa posa. Mwanamume mwenyewe alikuwa wakala wa kutoa makontena pale Kurasini, mpole, viatu vyake havijui vumbi. Moyo wangu ulikuwa Kinondoni, kwa mwandishi mwenzangu mmoja. Nilimwandikia barua ya mapenzi ya kurasa tatu, akanirudishia amesahihisha koma. Nikaona basi, kama sipendwi, bora niozwe. Angalau nitapata sura nyingine ya riwaya. Nikapanga kunyamaza.

Siku ya pili yake mjomba wangu akaja kuchukua jibu. Watu wa Kurasini walikuwa wametuma sinia la kaimati, naye alishaanza kuzishughulikia. Nilimwamkia, nikakaa, nikatia kaimati moja nzima mdomoni ili ulimi usinisaliti.

"Mwanangu, wenzetu wanasubiri. Umeridhia?"

Kimya.

Akauliza tena. Kimya. Akatabasamu, akalamba shira vidoleni. "Alhamdulillahi. Mwana kakubali."

"Hajakubali!" bibi akapaza sauti kutoka jikoni. "Ana kaimati mdomoni huyo. Mwache ameze!"

Mjomba akanitazama mashavu. Nikameza. Ilishuka polepole kama jiwe, na ilipofika chini sikuwa tena na pa kujificha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Si umeshaniamkia?"

"Sitaki, mjomba."

Aliliangalia sinia kwa muda mrefu, kwa huzuni ambayo sijawahi kuiweza kwenye karatasi. "Sasa si ungesema mapema? Nimeshakula kumi."

Usiku sikulia, jambo lililonishangaza. Zile kurasa mbili za machozi nilizifuta, nikaweka tambuu. Nikampelekea sura yule wa Kinondoni, kwa mazoea tu, akaandika pembeni neno moja: "Haiaminiki." Mara hii hakugusa hata koma, wala mie sikuumia.

Nilimsomea bibi neno hilo. Alikuwa tena na ungo wake.

"Mpelekee tambuu," alisema, "anyamaze."