Riale Zenye Tundu

Walisema sitaweza. Walilisema mbele yangu, barazani kwa fundi wa mashua, wakinywa kahawa niliyoilipia mimi. Sitaweza kununua kitu Ulaya kwa simu nikiwa nimekaa Kismayo. Sitaweza kukifikisha, maana nyumba zetu hazina namba na posta tunaisikia tu. Na hata kikifika, sitampata mwendawazimu wa kukinunua.

"Hiyo kamari," alisema ami, mdogo wake baba, ambaye hajapata kununua kitu bila kukishika mara tatu na kukirudisha mara mbili.

"Si kamari, ami. Ni mnada. Anayetaja bei kubwa ndiye anayechukua."

"Na huyo unayeshindana naye, umemwona?"

"Sijamwona."

"Mchu humwoni, akupandishia bei, nawe wamshukuru! Bwana Diploma, chuoni walikufundisha hayo?"

Wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Diploma yangu ni ya biashara. Niliisomea Mombasa nikiwa mkimbizi, asubuhi nikibeba magunia ya vitunguu sokoni, jioni nikibeba daftari. Sikuona haja ya kubishana na watu ambao maandishi ya mwisho waliyosoma yalikuwa kwenye kopo la mafuta ya injini.

Mimi nilikuwa nimeona wasichokiona. Katika koo zetu, bibi harusi huvalishwa kidani cha riale za kale, zile za fedha zenye sura ya malkia mnene. Vita vilipoanza, watu waliziuza moja moja kulipia nauli ya kukimbilia Kenya. Sasa wamerudi, mabinti wanaolewa, na akina mama wanazitafuta riale kama dawa. Kumbe ziko kwenye simu yangu, katika minada ya sarafu za kale! Kutoka Chovai mpaka Ras Kamboni hakuna mwingine aliyeligundua hilo, nami nalisema bila haya.

Mtaji nilikopa kwa watatu. Wa kwanza ami, aliyenikopesha ili apate haki ya kuendelea kunicheka. Wa pili muuza nyavu wa sokoni. Wa tatu shangazi yangu wa kisiwani Chovai, aliyenipa pesa alizoweka za kuezekea nyumba. Ningezipoteza hizo, mvua ingemkuta hana paa.

Diploma inafundisha kwamba bidhaa bora ndiyo yenye soko. Basi nikanunua riale tatu safi kabisa, kila moja na kijisanduku chake na cheti cha kuthibitisha kwamba haijapata kuguswa. Yule nisiyemwona alinipandishia bei mara saba, nami nikampiku. Binamu yangu wa Mombasa akalipa kwa kadi yake, akapokea mzigo, akautuma kwa basi hadi Kiunga, ukavuka kwa boti hadi Ras Kamboni, ukanifikia ndani ya ndoo ya sukari.

Mteja wa kwanza alikuwa mama wa bibi harusi. Aliigeuza riale, akaigonga kwa ukucha.

"Mbona haina tundu?"

"Ni nzima, mama. Haijaguswa na mtu."

"Isiyovaliwa na mchu ni ya nani? Na mwanangu aivaeje, niibandike kwa gundi?"

Wa pili alisema ni bandia. Wa tatu hakuitoa hata sandukuni. Nikaenda kwa sonara, akashika keekee yake tayari kutoboa. Nikamzuia: tundu moja, Ulaya riale hiyo inapoteza zaidi ya nusu ya bei.

"Kwani wanaooa hapa ni Wazungu?" akaniuliza.

Nilirudi kwenye simu. Mwisho kabisa wa orodha ya mnada, mahali ambapo sikuwahi kushuka, kulikuwa na riale zilizotobolewa, zikiuzwa kwa fungu kama dagaa, karibu na bei ya uzito wa fedha yenyewe. Wameziandika zimeharibika. Hao ndio wataalamu, na glavu zao na miwani yao ya kukuzia: sarafu ikishaning'inia kifuani mwa mwanamke, kwao ni takataka. Nikachukua fungu la kumi na mbili na hakuna aliyenipandishia hata senti. Zile tatu nzima nilizirudisha Mombasa, binamu akaziuza huko huko mnadani, kwa hasara ambayo mimi naiita karo.

Kumi na mbili zilikwisha kwa siku nne. Wanawake walikuja kutoka Kudhaa na Chovai, wakipitisha kidole kwenye matundu yaliyolika kwa uzi wa miaka, na hawakuomba kupunguziwa. Wawili kati yao ni wake wa wale waliopaliwa na kahawa. Nikanunua fungu jingine, na jingine.

Siku ya kulipa niliichagua Ijumaa, watu wakiwa majumbani. Muuza nyavu nilimlipa mlangoni pa msikiti, watu wakitoka. Ami alihesabu mara tatu, akainua kila noti juani, akauliza mnada ujao ni lini. Kisha nikavuka hadi Chovai.

Shangazi alizipokea noti akazitazama kama kitu nilichookota njiani.

"Hizi mimi nilishakusamehe, mwanangu," alisema. "Siku ile ile uliyoondoka nazo."

Nikafungua dirisha la upande wa majirani, nikamwambia azihesabu, tena kwa sauti.