Mashahidi Wawili wa Tabitha Froud

Tabitha Froud alifulia watu nguo London miaka arobaini, akazika mume na watoto watatu. Mikono ilipokataa kukamua ndipo akaja kwetu, nyumba ya maskini ya parokia. Alikuwa na ulimi mkali na woga mmoja tu: kisu cha madaktari.

Sheria ilikuwa mpya wakati ule. Maskini akifa bila ndugu wa kumdai, mwili wake unapelekwa shule ya udaktari, wanafunzi waupasue wajifunze. Mabwana waliitunga wakiwa wameshiba. Mmoja wao, mjumbe wa bodi iliyosimamia nyumba yetu, alikuja hadi chumba cha kufulia kutueleza kwamba tendo jema ni lile linaloleta furaha nyingi kwa watu wengi.

"Mwili mmoja, mama, utaokoa mamia."

"Na mimi nimo kwenye hao wengi, bwana?" Tabitha akauliza.

"Umo, sawasawa na mimi."

"Basi tangulia wewe. Una nyama zaidi, watajifunza mengi."

Tulicheka hadi sabuni ikatuingia machoni. Yeye hakucheka. Aliamini kwamba siku ya ufufuo angeinuka vipande vipande, watoto wake wasimtambue. Mimi pia niliamini hivyo, na niliogopa, sioni haya kusema.

Sheria iliacha upenyo mmoja: mgonjwa akikataa kwa kinywa chake mbele ya mashahidi wawili, azikwe. Homa ilipomlaza mwezi wa Februari, Tabitha alituita mimi na Dorcas Amblin, mwenzetu aliyehudumia wagonjwa.

"Sikieni, mashoga. Sitaki kukatwa. Mmenisikia?"

"Tumekusikia," tukasema. Akalala usingizi mzuri, wa kwanza tangu augue.

Alikufa Alhamisi asubuhi. Shule ilikuwa ikisubiri mwili, na msimamizi wetu, Bwana Crouchley, akatuita ofisini mmoja mmoja. Dorcas alisema kweli. Kisha nikaingia mimi.

"Susan, wewe nawe huna mtu," akaniambia kwa upole. "Siku yako ikifika nitahakikisha unazikwa mzima. Sasa niambie, ulimsikia Tabitha akikataa?"

Nilijua shahidi mmoja hatoshi.

"Sikusikia kitu, bwana."

Gari la farasi la shule lilikuja kumchukua kabla ya chakula cha mchana. Dorcas alisimama mlangoni akaniangalia, kisha akarudi kwa wagonjwa wake.

Bwana Crouchley alihamishwa mwaka uliofuata, na ahadi yake haikuandikwa popote. Sasa nakohoa damu, na wanaotuhudumia humu ni wawili tu, Dorcas na msichana mmoja mgeni. Jana niliwaomba wote wawili wasogee, nikasema kwa sauti niliyobakiwa nayo kwamba sitaki kukatwa. Msichana akaitikia kwa kichwa.

Dorcas alinifuta jasho, akanivutia blanketi hadi kidevuni, taratibu kabisa.

"Lala, shoga," akasema. "Mimi sijasikia kitu."