Skuta Mbili za Bi Makali

Uvumi ulianzia kwenye kamba ya nguo. Mama mmoja kijana wa chumba cha tatu, ambaye wapangaji wenzake walimbandika jina la Redio, alikuwa akianika nepi za mwanawe huku akimnong'oneza jirani kwa sauti ambayo hata aliye chooni angeisikia.

"Bi Makali kapata bwana."

"Toka hapa!"

"Haki tena. Leo jioni ya nne. Anaoga, anachana nywele, anavaa viatu vya kutokea, huyoo! Akirudi anahema, hasemi na mtu. Kwa umri ule, shoga, hiyo ni nini kama si mapenzi?"

Aliye chooni alikuwa Bi Makali mwenyewe. Akajiziba mdomo asicheke, kisha kicheko kikamkauka. Kama ni bwana, yeye angejua la kumfanya. Kilichomtoa nyumbani jioni zote hizo ni skuta, tena si moja, mbili.

Kazi yake ilikuwa kunoa. Kwa miaka ishirini na miwili alizungukia vinyozi, mafundi cherehani, wauza nyama na majiko ya hoteli, na alikuwa na mtindo wake alioachiwa na marehemu mumewe. Aliipandisha skuta yake ya zamani kwenye stendi kubwa, ile ya katikati, gurudumu la nyuma likabaki linaning'inia hewani. Akiiwasha, tairi ilizungusha kigurudumu kidogo, na kigurudumu kikazungusha jiwe la kunolea. Wateja walisikia mngurumo tu, wakatoka na mikasi mikononi. Lakini mwezi uliopita fremu ya skuta hiyo ilikatika vipande viwili kama mkate mkavu, na tangu siku hiyo jiwe lilikuwa limelala chini ya kitanda.

Na yeye hakulala wala hakukaa. Alifagia chumba mara tatu kwa siku. Alianza kuosha vyombo, akaviacha na povu lake, akasimama mlangoni, akarudi. Juzi alipita kwa fundi cherehani anayempenda kuliko wateja wote, akamkuta anakata kitambaa kwa mkasi mpya wa bei rahisi.

"Wa muda tu, bibi," fundi alisema, akiusukuma chini ya kitambaa.

Bi Makali akajibu, "Sawa, mwanangu," akaenda zake akiwaza. Wa muda leo, kesho je? Wateja wakizoea kununua na kutupa, nani atamhitaji tena mnoaji?

Pesa yake ilitosha skuta moja kati ya mbili. Iliyotumika ilikuwa kwenye uwanja wa fundi pikipiki, nyekundu iliyofifia, kiti kimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Stendi kubwa ilikuwepo, nzima. Tatizo lilikuwa kuiwasha: kwa kiki tu, kwa mguu, na goti lake la kulia lilishamfanya nesi atikise kichwa. "Usilipigishe kiki tena, mama," nesi alisema. "Siku litakapogoma, halitakuaga." Ile mpya ilikaa nyuma ya kioo cha duka kubwa, nyeupe kama maziwa, na iliwaka kwa kubonyeza kitufe kwa kidole. Jioni ya kwanza alipoikalia alijiona msichana. Ndiyo maana alikuwa anavaa viatu vya kutokea. Dukani humo hawamkalishi mtu mwenye grisi kwenye nguo.

Basi akawa kiguu na njia. Akitoka dukani ameshakata shauri, akifika kona shauri limemgeuka, anapinda kwenda kwa fundi. Kwa fundi anakagua stendi, anagusa goti, anaaga.

Jioni ya tano alibeba jiwe lake kwenye kikapu akaenda nalo dukani. Alilitua kwenye marumaru inayong'aa, likaacha duara la kijivu. Muuzaji, bwana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alilitazama duara lile kama mtu aliyeonyeshwa msiba.

"Iwashe, baba, halafu ushushe stendi," Bi Makali akasema.

Muuzaji akawasha. Akashusha stendi, na palepale injini ikanyamaza.

"Mbona imekufa?"

"Haijafa, mama. Ni akili yake hiyo. Stendi ikiwa chini haiwaki, isije ikakukimbia."

"Mimi nataka isimame palepale na izunguke."

"Isimame na izunguke?"

"Ndiyo."

"Mama yangu, hiyo unataka feni."

Wateja wawili wakacheka. Bi Makali hakucheka. Aliinama akatafuta stendi kubwa kwa mkono, kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kabati.

"Hawakuweka," muuzaji akasema, sasa kwa upole. "Hizi mpya nyingi hazina. Na ukikata waya wa ile ya pembeni, unaozima injini, waranti ndiyo umeiaga."

Alibeba jiwe lake hadi kwa fundi pikipiki bila kupumzika njiani. Hakusalimia. Alipanda ile nyekundu, akapiga kiki. Kimya. Akapiga ya pili, ikakohoa. Ya tatu goti likamchoma mpaka akaona nyota, akajikuta ameketi juu ya tairi bovu, jasho linamtiririka.

Fundi akaweka spana chini. Alifuta mikono, akapiga kiki moja, skuta ikanguruma. Wakaipandisha kwenye stendi, wakafunga jiwe. Bi Makali akachukua bisibisi ya fundi, akaigusisha jiweni, cheche zikaruka. Kwa mara ya kwanza mwezi mzima mikono yake ilitulia.

"Ni hii," akasema.

"Najua, dada. Lakini nani atakuwa anakupigia kiki?"

"Ikishawaka siizimi hovyo. Ikizimika kwa wateja, wauza nyama wana miguu kama magogo."

"Na asubuhi, pale kwenu?"

Bi Makali akaanza kumhesabia noti kama hajasikia. Tangu afiwe hajawahi kumwomba jirani hata njiti ya kiberiti. Alijivunia hilo kuliko alivyojivunia makali ya visu vyake.

Asubuhi iliyofuata skuta nyekundu ilikuwa uani. Aliizunguka, akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi, akakaza kamba iliyokwisha kukazwa. Aliweka mguu kwenye kiki, akauondoa. Kwa fundi cherehani hufunguliwa saa mbili, na saa mbili ilikuwa inakaribia.

Kwenye kizingiti cha chumba cha tatu Redio alikuwa ameketi, macho mekundu ya kukosa usingizi, mtoto begani akipigwapigwa mgongo acheue.

"Shikamoo, Bi Makali."

"Marahaba, mwanangu. Kaamkaje huyo?"

"Huyu halali, bibi. Tangu alfajiri ananichezesha."

Bi Makali akamtazama miguu: mifupi, imara, ndala zimeisha kisigino. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaenda mpaka langoni, akashika komeo, akarudi na kusimama mbele yake.

"Mwanangu," akasema, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyokusudia, "nina ombi. Mguu wangu hauwezi kuiwasha hii. Kila asubuhi nipigie kiki moja, moja tu. Huyo nipe mimi nimshike."