Ugali wa Mlangoni

Fundi wa magari wa mtaa wa Majengo anapobandika mpira mpya kwenye mlango wa gari langu, harufu ya gundi inanirudisha kwenye pikapu kuukuu ya baba. Mvua ilitupiga tangu kijiji cha Kate, tukimpeleka mama hospitali Sumbawanga. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, na maji yalipenya mlangoni yakimlowesha kifua. Baba akasimamisha gari, akafungua kapu la chakula, akamega ugali wa ulezi na kuukandika kwenye mpira uliochakaa. Maji yakaulainisha, ukaanguka. Akamega tena.

“Bonyeza hapo, mwanangu! Bonyeza!”

Nikabonyeza kwa vidole vyote.

“Acheni tu,” mama akasema taratibu. “Sisikii baridi tena.”

Baba hakumtazama. Akaendelea kumega ugali.