Kupanda Nainokanoka Kuuliza Kama Mapito ya Ng'ombe ni Barabara

Niliondoka nyumbani Endamarariek kwa sababu ya mdogo wangu Lohay, aliyefyatua bunduki akiwa juu ya pikapu yangu akamtoa mtu jicho. Naanza hapo moja kwa moja, maana habari hii imezungushwa hapa kijijini mpaka imekuwa ya watu watano waliokufa. Hakufa mtu. Lohay alikuwa na leseni ya bunduki na kibali cha kuwinda kanga, vyote halali. Alishuka bondeni Baray, akaona kundi la kanga linavuka mbele ya gari, akapiga. Marisau, zile chembe ndogo za risasi, ziliwapata kanga, na zikampata Mmasai mmoja aliyekuwa anatoka mnadani kwa miguu. Anaitwa Saning'o, mtu wa Nainokanoka, kule juu hifadhini.

Polisi walichukua bunduki, wakachukua na pikapu yangu kuwa kielelezo. Lohay akapewa dhamana. Tangu arudi nyumbani alikuwa na neno moja tu: "Kaka, pale si barabara. Ni mapito ya ng'ombe, si mahali pa kutegemea mtu. Mahakamani nitasema hivyo." Nikamwamini. Mimi sikusoma, darasa la tatu nililiacha nikaenda kuchunga, lakini mashine ya kusaga ni yangu, nyumba ya tofali ni yangu, na hakuna mwalimu aliyenifundisha kuvipata. Nikaona na hili nitalimaliza mwenyewe. Nitapanda Nainokanoka, nimpe Saning'o pole, halafu nimwombe na yeye aseme kwamba pale si barabara. Akisema mwenye jicho, nani atabisha?

Asubuhi nilikuwa Karatu mjini. Kabla ya kutafuta gari la kupanda juu nilipita kwa Mzee Shirima. Huyu ni Mchaga aliyekuja Karatu akiwa kijana, akafanya kazi ya uafisa wanyamapori mpaka akastaafu, na sasa anauza vifaa vya ujenzi. Mabati ya nyumba yangu yalitoka kwake. Alinivutia kiti, akaagiza chai, nikamweleza.

"Kibali chake kilikuwa safi," nikamwambia.

"Kibali kinamwambia ampige ndege gani na eneo gani. Hakimwambii apige akiwa juu ya gari."

"Gari lilikuwa limesimama."

"Limesimama, linatembea, ni lile lile. Sheria ya wanyamapori inakataza kuwinda ukiwa kwenye gari, na hata kupiga ukiwa karibu nalo au kulitumia kama kichaka cha kujificha. Na sheria ya silaha haitaki ufyatue ovyo mahali watu wanapopita."

"Pale wanapita ng'ombe, Mzee Shirima."

"Ng'ombe wanajichunga?"

Nilikunywa chai. Akaniuliza ninakwenda Nainokanoka kufanya nini, nikasema tutamalizana kimila, yule mtu afute kesi.

"Hana cha kufuta," akasema. "Anayeshtaki ni Jamhuri. Yeye ni shahidi. Na wewe uangalie sana, Mzee Bura. Kumpa mtu pole ni utu. Kumpa shahidi maneno ya kusema ni kosa, utakaa benchi moja na Lohay."

Nilimwambia kusoma sana kunamfanya mtu aogope kivuli chake. Akacheka, akavua koti lake zito akanivalisha, akasema kule juu baridi haijali nani amesoma. Niliondoka na koti lake na hasira yangu.

Mchana tukafika geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini. Nilipanda Landrova ya mfanyabiashara anayepeleka unga na sukari, mimi mbele na dereva, nyuma magunia. Dereva alikuwa kijana wa Arusha mwenye maneno mengi. Getini askari wa uhifadhi alikagua vibali, akachungulia dirishani.

"Shikamoo mzee. Una silaha yoyote?"

"Marahaba. Nina fimbo."

"Risasi je?"

"Bunduki ya kwetu iko polisi."

Dereva akashika kichwa. "Mzee wangu, hayo mambo unayatangaza getini kama unagombea udiwani?"

Ilibidi nishuke. Nikamweleza askari mambo yote kama yalivyo, maana sikuwa nimeiba kitu. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema ndani ya hifadhi hakuna kuwinda kabisa, na hata nje yake mwindaji anatakiwa akae mbali na mpaka, kwa sababu risasi haioni bango. Halafu akauliza, "Na yule aliyeumia, anaendeleaje?" Nikatambua kwamba sijui. Siku zote zile nilikuwa nimeuliza habari za bunduki, za pikapu na za dhamana. Habari za jicho la yule mtu sikumuuliza mtu yeyote.

Kutoka hapo tulipanda kwenye ukungu. Barabara inazunguka ukingo wa kreta, msitu umening'iniza ndevu za kijivu, magari ya watalii yanashuka na taa zimewashwa mchana. Mahali fulani nyati walikuwa wamesimama pembeni kabisa, unaweza kumgusa mmoja kwa fimbo. Dereva alisimamisha gari akangoja waondoke wenyewe. Hakupiga honi. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Mzee, huwezi kujua nyuma ya nyati kuna nani anatembea." Alisema vile tu, kama mtu anayezungumzia mvua.

Alasiri tuliingia Nainokanoka. Ni maduka machache ya mabati, uwanda wa majani mafupi, na baridi ya kuuma masikio. Gari linaishia pale. Dereva alinionyesha upande wa mlima Olmoti, akasema boma la Mzee Loserian, baba yake Saning'o, liko nyuma ya kilima cha tatu. Nikaenda.

Nilitembea nikitafuta barabara. Nilikuwa juu ya vijia vya mifugo, vimechimbika kandokando kama mifereji ya plau, na nikasema moyoni hivi lazima vitanifikisha kwenye njia yenyewe. Nikakutana na mama mwenye punda aliyebeba unga, mtoto mgongoni kafungwa kwa shuka.

"Mama, habari ya safari. Barabara ya kwenda kwa Mzee Loserian iko wapi?"

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Baba, si hiyo umeisimamia?"

"Hii ni ya ng'ombe."

"Na mimi ninayetoka kliniki na mtoto, nipite wapi?" Akampiga punda kidogo, nikampisha.

Baada yake walikuja wanafunzi wenye masweta, wakanisalimia mmoja mmoja. Ikaja pikipiki imebeba kreti za soda. Wakaja wazee wawili wanaelekea kwenye kikao, na bibi aliyeshikwa mkono na mjukuu wake. Ng'ombe sikumwona hata mmoja mpaka nilipofika bomani. Miguu ilikuwa inaniuma, lakini kilichonilemea ni yale maneno niliyotoka nayo nyumbani.

Jioni nikapokelewa. Mzee Loserian ni mtu mrefu, ananizidi umri kidogo. Babu zao Wamasai na babu zetu Wambulu waliibiana ng'ombe na kuuana, na yeye anajua hivyo kama mimi. Alinipa kigoda karibu na moto na kikombe cha chai ya maziwa.

"Ndugu yako hakuja," akasema.

"Yuko kwenye dhamana. Haruhusiwi kukutana na ninyi. Mimi ndiye mkubwa kwetu."

"Basi wewe ndiye umekuja."

Saning'o aliingia akainama nimguse kichwa, kama mtoto kwao anavyomwamkia mzee. Ni baba wa watoto watatu, na aliniinamia mimi. Jicho la kushoto limefumba. Nikamwambia pole. Neno hilo lilikuwa dogo sana mle ndani. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Niliwaona kanga, nikaliona gari," akasema. "Nikamwona mtu amesimama juu. Nikainua mkono kumsalimia. Alikuwa ameelekea kwangu, nikajua ameniona."

Mimi nilikuwa sijui habari ya mkono. Lohay hakuniambia, na nadhani hakuuona. Alikuwa anaangalia kanga.

Mzee Loserian akachochea moto, akasema, "Mzee wa Wambulu, mtu hapandi milima yote hii kwa neno la pole tu. Ulikuja kuomba kitu. Omba, tukikatae au tukikubali."

"Nilikuja kuomba," nikamwambia. "Nimeona hakifai kuombwa."

Alinitazama sana. "Basi kula, ulale."

Alfajiri niliondoka. Saning'o alinisindikiza mpaka kwenye maduka, na njiani hatukuzungumza kesi hata kidogo. Alinieleza habari za ndama, na jinsi anavyokosea sasa kupima umbali, mlango wa zizi anauona karibu kumbe uko mbali. Tulipoagana nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.

Lohay nilimkuta nyumbani ananisubiri uani.

"Wamekubali kusema si barabara?"

"Sikuwauliza."

"Kaka, umekwenda mpaka kule, umekunywa chai ukarudi? Umeniuza."

"Nimeitembea hiyo unayosema si barabara. Ni barabara. Na yule mtu alikuinulia mkono, Lohay. Alikusalimia."

Akakaa chini kwenye udongo. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Mkono gani?" Sikujua. Sijui kuujua kungemsaidia nini.

Sasa nawaambia ninyi wenzangu wenye bunduki, mnaolinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na mnaoshuka Baray msimu wa kanga. Leseni ya bunduki ni ya kumiliki. Kibali ni cha mnyama. Hakuna karatasi inayokupa njia ya watu. Usipige ukiwa garini wala kando ya gari. Usipige kuelekea njia, iwe ya lami, ya vumbi au ya kwato, hata ukiiona tupu. Kama huoni risasi yako itatua wapi, shusha mtutu uende nyumbani ukale ugali na mboga. Na mkitaka kujua zaidi, waulizeni wenye sheria kabla, msiniulize mimi baadaye.

Siku ya kesi nilikaa benchi la mbele. Hakimu alimsomea Lohay mashtaka, akamuuliza kama ni kweli. Watu walikuwa wanangoja hadithi ya mapito ya ng'ombe. Lohay akasema, "Ni kweli, mheshimiwa." Hukumu ikapangiwa siku nyingine. Tulipotoka nje, Lohay alimwomba askari ruhusa, akamfuata Saning'o aliyekuwa amesimama ukutani. Alimwendea kwa upande wa kushoto, bila kujua. Akasimama pale akimwomba radhi, na Saning'o ilibidi ageuze kichwa chote ndipo amwone ni nani.