Waliomsukuma Ardelio

Ardelio Cionini alizijua barabara zote zitokazo Volterra, na zote alizilaumu kwa kosa moja: zinarudi. Jumapili alikuwa akishuka kwa baiskeli hadi Saline, akaufuata mto Cecina, akapanda Pomarance, akazunguka mpaka akatokea barabara ya Colle, na bado mwisho wa yote ulikuwa mlima uleule na kona zilezile. Mji ulikuwa juu pale umemkalia kama mama mkwe anayengoja kuuliza ulikuwa wapi.

Jumatatu asubuhi alirudi benchini, kwenye karakana ya baba yake, akachonga mabakuli ya alabasta, lile jiwe jeupe laini la kwao. Mzee Settimio alikaa upande wa pili wa meza. Vumbi jeupe liliwaingia puani, nyusini na kwenye mkate. Hawakusemezana. "Nipe patasi," "funga mlango, upepo," basi. Miaka zaidi ya kumi walikaa hivyo, na majirani wakasema ni familia tulivu.

Utulivu gani! Ardelio alikuwa anatumikia kifungo, na hakimu alikuwa amekaa mbele yake akisugua bakuli.

Yote yalianza mara tu baada ya vita, watu walipopata tena baiskeli na nguvu ya kuzipanda. Ardelio aliacha patasi akaenda kushindana barabarani. Si kama bingwa, la. Alikuwa mchota maji. Kila timu ina nahodha wake, na wengine wote ni wa kumtumikia: wanamkatia upepo, wanampa gurudumu lao likipasuka la kwake, wanasimama kwenye mabomba ya vijiji kumjazia chupa, kisha wanakimbia roho juu kumfikia. Nahodha wa Ardelio aliitwa Brandoli, mtu wa Modena, miguu ya dhahabu na ulimi wa pilipili.

Settimio alipopata habari alitamka mbele ya karakana nzima. "Mwacha asili ni mtumwa! Anakwenda kumchotea maji mtu wa Modena. Siku atakayoshuka kwenye hiyo baiskeli mbele ya macho yangu, akanipa mkono, hapo tutazungumza. Kabla ya hapo sina la kusema."

Na kweli hakusema. Ardelio alituma salamu kwa kila aliyepanda mlimani, salamu zikafika, majibu hayakushuka. Kijana alishinda juani na kwenye mvua, akalala hoteli mbovu za nchi nzima, na lililomkosesha usingizi lilikuwa moja tu: radhi ya baba yake.

Kisha ukaja mwaka ambao mashindano yalipangwa kupita Volterra.

Waendesha baiskeli wana desturi yao. Mnapopita nyumbani kwa mmoja wenu, kundi hupunguza mwendo na kumwacha atangulie. Atawahi nyumbani, atambusu mama, atapiga funda la divai, na wenzake wakifika ataungana nao. Sharti ni moja: ushuke. Asiyeshuka, akaitumia nafasi ile kukimbia, ni mwizi, na kundi halisamehe wala halisahau.

Pale Saline, kabla ya mlima, Ardelio alimsogelea Brandoli. "Nahodha, huko juu ni kwetu. Baba yangu atakuwa kwenye lango la mji."

"Yule asiyetaka kukuona?"

"Ndiye huyo huyo."

Brandoli akacheka, akageuka kuwapigia wengine kelele. "Jamani, mchonga mabakuli anakwenda kumwangukia baba yake! Mpeni njia!" Kisha akashusha sauti. "Nenda. Lakini ukinifanyia ujanja, utanitambua."

"Nitashuka, nahodha. Naapa."

Akaukwea mlima peke yake. Alikuwa na maneno mawili tu aliyoyafanyia mazoezi tangu jana: "Baba, nimeshuka."

Sasa hebu tuwaseme watu wa Volterra, maana bila wao hakuna hadithi. Walikuwa barabarani tangu asubuhi, wamebeba mikate na chupa, na chupa hazikungoja mashindano. Mara kwenye kona akachomoza mtu mmoja, peke yake, nyuma yake hakuna hata mbwa. Na ni Ardelio wetu! Nani angekumbuka habari za ruhusa?

"Anaongoza! Mtoto wa Settimio anaongoza!"

Na huku kwetu mtu wako akiongoza mlimani hukunji mikono ukamtazama. Unamsukuma. Wa kwanza alikuwa Nedo kinyozi, aliyemtia kiganja mgongoni akakimbia naye mpaka pumzi ikamwishia, akampokeza wa pili, wa pili akampokeza wa tatu, na vivyo hivyo kona baada ya kona.

"Niacheni! Nashuka hapa!"

"Ushuke wapi, kichaa wewe? Kanyaga!"

"Nimepewa ruhusa tu!"

"Ruhusa tumekupa sisi! Kaza, Ardelio, kaza!"

Miguu yake ilikuwa imefungwa kwenye pedali kwa mikanda ya ngozi, kama walivyofunga wote siku zile. Ili ashuke lazima ainame ailegeze kwa mkono. Lakini kila alipoachia usukani alipigwa kikumbo kipya cha mapenzi, baiskeli ikayumba, akaurukia usukani tena. Alitukana, wakadhani anashangilia. Alilia, wakadhani ni jasho.

Langoni alimwona baba yake. Mzee alikuwa amevaa aproni yake ya kazi, kofia ameishika mkononi. Macho yao yakakutana. Ardelio akainama kwa nguvu zake zote, vidole vikaugusa mkanda, na hapo ukaja mgongoni msukumo mkubwa kuliko yote. Akapita lango. Akapita mtaa mwembamba, mikono kushoto, mikono kulia, akatemwa upande wa pili wa mji kunakoteremka, kwa kasi isiyomruhusu kuachia usukani.

Huko ndiko alikoshuka, chini kabisa, mbele ya shamba la ngano lisilo na mtu. Akasimama ameshika baiskeli yake mpaka kundi lilipomfikia.

"Baba yako amehamia huku?" Brandoli aliuliza.

"Walinisukuma, nahodha. Sikuweza kushuka."

"Walikusukuma. Maskini! Ulikimbia, ukachoka, sasa unatuletea machozi." Akamtemea mate kwenye gurudumu, akaenda zake.

Tangu siku ile hakuna aliyempa hata tone la maji. Kila alipojaribu kusogea mbele, mabega mawili yalimbana mpaka pembeni kwenye majani. Msimu ulipokwisha timu ikamwambia kwaheri. Yote hayo Ardelio angeyavumilia. Asilolivumilia ni lile la langoni: kwamba baba yake, mtu mwenye kiburi kama nyumbu, alitoka nje akavua kofia mbele ya mji mzima, na mwanawe akampa mgongo.

Majira ya baridi akarudi nyumbani. Akavuta kigoda chake cha zamani, akaketi. Settimio akamtazama kitambo, akamsogezea patasi, wala hakufungua kinywa. Ardelio akaona ndiyo hukumu, na ni ya haki.

Masika yaliyofuata alikuja mtu kwa gari kutoka Turin, akasimama mlangoni mwa karakana. Timu yake ilitaka mchota maji. "Mimi nakuamini," alimwambia. "Na mimi kwetu walinisukuma hivyo hivyo." Ardelio alitaka kwenda, tena sana. Akatazama ndani, akauona mgongo wa baba yake umejikunja juu ya bakuli. Akasema hapana. Gari likateremka, naye akalisikiliza kona baada ya kona mpaka likapotea.

Miaka ikapita hivyo. Na kejeli ya mambo ni kwamba mjini yeye alikuwa shujaa. Kila jioni kwenye baa watu walisimulia ile siku Volterra ilipoongoza mashindano, na kila mtu alikuwa ameshiriki. Ardelio alipofungua mdomo kusema kilichotokea, walimjazia glasi.

Mpaka mwaka huu, sikukuu ya Mtakatifu Giusto, msimamizi wa mji. Jua lilikuwa kali, na Settimio, ambaye hana mazoea ya baa, aliingia baada ya misa kutafuta kivuli. Nedo alikuwa katikati ya hotuba.

"Na pale langoni, nani alimpa ule msukumo wa mwisho? Mimi hapa!"

"Mwongo mkubwa wewe," Settimio akasema. "Ulikuwa umelala mtaroni kona kadhaa chini, unahema. Langoni nilimsukuma mimi."

Watu wakaangua kicheko. Ardelio hakucheka.

"Wewe, baba?"

"Kwa mikono miwili. Ulipofika ubavuni mwangu nilikuona unainama kutaka kushuka. Nikasema, mpumbavu huyu, yuko mbele ya wote na atashuka kwa ajili ya maneno ya mzee mwenye hasira! Nikakusukuma uende. Nyumbani kwetu mmoja wa kula vumbi alitosha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulirudi. Nikajua umeshindwa huko. Mtu aliyeshindwa hasimangwi." Mzee akapangusa masharubu. "Nilingoja uondoke tena. Hukuondoka. Nikadhani umeipenda kazi."

Ardelio alihisi miaka yote ile imemkaa kifuani, bakuli juu ya bakuli. "Na yule mtu wa Turin?"

"Yupi? Yule wa gari? Hakuwa mnunuzi? Alikuwa anataka nini?"

Baba yake alimtazama kwa macho mekundu ya vumbi, macho ya mtu anayeuliza kwa kweli.

"Hakuna kitu, baba," Ardelio akasema. "Alikuwa amepotea, anauliza njia."

"Watu wa miji mikubwa," Settimio akasema, akatikisa kichwa, na akammiminia mwanawe divai.