Klivia Juani, Agapanthasi Kivulini
Kipngetich aliendesha lori la mahindi kutoka eneo la Kwanza miaka yake yote ya kazi, na alipostaafu akajiambia kwamba mtu aliyezijua barabara zote za Trans-Nzoia hawezi kushindwa na maua. Mkewe, Linah, alikuwa amelazwa hospitali ya Lugulu baada ya kuvunjika nyonga. Mzee alitaka akirudi akute maua ya kudumu, yanayopandwa mara moja na kuchanua kila mwaka: mengine chini ya dirisha la chumba chake, kwenye kivuli cha mparachichi, na mengine langoni, ambako jua huwaka kutwa.

Mjini Kitale alimpata Khairunisa, muuza miche mwenye kitalu nyuma ya msikiti. Khairunisa alimchagulia aina mbili: agapanthasi, ya maua ya buluu, iwekwe juani, na klivia, ya maua ya rangi ya chungwa, iwekwe kivulini. Msimu wa kuchanua haukuwa umefika, kwa hiyo yote yalikuwa majani marefu tu kama mikanda. Alipoanza kueleza namna ya kuyatofautisha, Kipngetich, aliyekuwa amesoma habari za maua kidogo kwenye simu, alimkatiza, akaanza kumfundisha yeye.

Nyumbani akamwaga magunia yote mawili ya miche mahali pamoja, kisha akasimama kuitazama miche. Ilifanana kama mapacha. Kumpigia Khairunisa simu kulikuwa rahisi, lakini angeanzia wapi, baada ya mhadhara ule? Akaamua kwamba majani manene ya kijani kizito ndiyo sugu kwa jua, sawa na ngozi yake mwenyewe. Akayapanda langoni. Yale mepesi akayaweka chini ya dirisha.

Linah akarudi na mkongojo wake, akaketi dirishani kungoja maua. Miezi ikapita. Ya langoni yakababuka, yakawa na mabaka meupe kama karatasi. Kipngetich aliwaambia wageni kwamba yamepumzika. Ya dirishani hayakutoa ua hata moja, basi akayatilia mbolea ya mahindi, nayo majani yakapanda hadi yakaanza kuziba dirisha.

"Baba Kimutai," Linah akauliza taratibu, "hii tutakula ama tutauza?"

Akamjibu kwamba maua ya maana huchelewa.

Siku moja Khairunisa alikuja kumjulia mgonjwa hali. Pale langoni akainama, akalishika jani kwa vidole viwili.

"Hizi ni klivia, mzee. Nani alikuambia uziweke kwa jua?"

Kipngetich akatazama huku na huku akitafuta wa kulaumiwa. Palikuwa na mbwa tu.

"Ni mimi," akasema. "Nilijifundisha mwenyewe, na mwalimu hakuwa anajua."

Khairunisa akacheka mpaka akashika lango. Kisha akamweleza upya: jani la klivia ni zito na jeusijeusi kwa sababu limezoea mwanga mdogo, la agapanthasi ni jepesi, na mmea huo bila jua huota tu bila kuchanua. Safari hii mzee alinyamaza hadi mwisho, kazi ngumu kuliko hata kuendesha lori kwenye matope ya Aprili.

Mvua ziliponyesha wakaihamisha miche. Linah akatoka na mkongojo, akaketi kwenye kigoda karibu na lango, akawa anaonyesha pa kuchimba. Hakuwahi kutembea hadi pale tangu aumie. Kipngetich aliliona hilo, akaendelea kuchimba kimya asije akaliharibu kwa maneno.

Mwaka uliofuata klivia zikawaka rangi ya chungwa chini ya dirisha. Agapanthasi zilitoa bua moja tu la buluu, naye akalipiga picha zisizo na idadi.

Hivi karibuni walikwenda kwa wakwe zao Kamukuywa. Mwenyeji akauliza ni ua gani lingefaa chini ya mkima wake, mti wa kivuli uani. Kipngetich akaeleza kwa urefu, mikono ikipaa hewani. Linah akamwacha amalize chai na hotuba, ndipo akaanza kusahihisha, na mumewe akawa wa kwanza kucheka.